Ikivuja, Niite

Mume wangu alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini na moja, na miaka yote hiyo alikuwa na neno moja tu la kumuaga mteja. Anafuta spana, anakunja tambara lake, anasimama mlangoni na kusema, "Basi, mimi nakwenda. Ikivuja, niite." Hasemi asante wala karibu tena. Nilikuwa namtania: mwanamume gani anayeaga watu kwa kuwaombea mabaya? Anacheka, anasema hajawahi kuitwa hata mara moja. Nilidhani ni majivuno tu, mpaka nilipoanza kukutana na wateja wake sokoni, leo huyu kesho yule, wakiniambia koki aliyowafungia mwaka aliozaliwa mtoto wao bado imekaza, na mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.

Watu wote walimwita Fundi. Na mimi hivyo hivyo. Yeye aliniita Redio, kwa sababu, alisema, nasikika kutwa nzima na kitufe cha kunizima hakuna. Basi mniwie radhi nikiongea sana. Ndivyo nilivyoumbwa, na siku hizi nyumba ina kimya ambacho sijakizoea.

Goti la kulia ndilo lililomstaafisha. Fundi bomba anakula kwa magoti. Kutwa yuko chini ya masinki na nyuma ya vyoo, na goti likikataa kukunjika, kazi imekwisha. Akaja kukaa nyumbani. Mwezi wa kwanza alikaza kila kinachokazika. Mwezi wa pili akaanza kunifundisha namna ya kuosha sufuria. Nikamwambia, Fundi, tafuta cha kufanya kabla hatujauana humu ndani.

Uani kwetu ni hatua saba kwa nne, saruji tupu, ukuta pande tatu. Udongo wa kupanda hata kitunguu hakuna. Na maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki, yakijisikia. Mtu mwenye akili zake angesema hapa hapalimwi. Fundi akaenda kwenye majengo walikokuwa wenzake, akarudi na ndoo tupu za rangi, zile kubwa za lita ishirini. Akazisugua kwa mchanga siku tatu mpaka mikono ikamchubuka. Kisha akaanza kutoboa.

Ngoja nieleze, maana bila hili hamtanielewa. Kila mmea ulipewa ndoo mbili, moja imeingia ndani ya nyingine. Ya chini inakaa maji. Ya juu inakaa udongo na samadi, na kitako chake kimetobolewa. Katikati kinaning'inia kikopo chenye matundu, kimejazwa udongo, kimezama kwenye maji ya chini. Udongo wa kikopo unanyonya maji na kuyapandisha, kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Mmea unakunywa kadiri ya kiu yake. Pembeni amesimamisha kipande cha bomba kutoka juu mpaka chini, hapo ndipo pa kumimina. Unajaza leo, unakwenda zako siku nne, unarudi unakuta mchicha haujui hata kama ulisafiri.

Na ubavuni mwa ile ndoo ya chini, karibu na pale kinapofikia kitako cha ile ya juu, alitoboa tundu la kuingia kidole kidogo. Aliliita pua. Maji yakizidi yanatokea puani badala ya kupanda kwenye udongo, na mizizi nayo inapumulia hapo hapo. Ndoo zilikuwa jozi kumi na nne. Zote alizipanga pua zikielekea ukutani, juu ya kijifereji alichokichonga ili uani kusijae matope. Kwa hiyo ukimimina maji hutazami kitu. Unasikiliza. Ukisikia tone limeanguka mferejini, ndoo imeshiba, unahamia nyingine.

"Redio," aliniambia siku ya kwanza, "ukitaka kuua mmea huna haja ya kuung'oa. Ziba pua."

"Nimesikia."

"Rudia nilichosema."

Nikarudia, mwanamke mzima na mvi zangu. Tulikula mboga za ndoo zile miaka mitatu. Mchicha, bilinganya, pilipili, na nyanya ambazo majirani walikuja kuzitazama kama wanatazama mtoto mchanga. Ilikuwa miaka mizuri, sikujua tu kwamba inahesabika.

Alianza kwa kusahau vitu vya kusahaulika. Miwani iko kichwani anaitafuta kabatini; nani hajafanya? Kisha akasahau njia ya msikitini, njia ya maisha yake yote. Kisha siku moja asubuhi akachukua mkoba wake wa vifaa, akavaa viatu vya kazi, akatoka. Niliona nikanyamaza, nilifikiri anakwenda kuwatembelea wenzake. Kumbe amekwenda kwenye nyumba aliyofunga sinki miaka ishirini iliyopita. Wenye nyumba wa sasa hawamjui. Mlango ulikuwa wazi, mama mwenye nyumba yuko nyuma anaanika nguo. Fundi akaingia jikoni, akalala chini, akafungua bomba lote. Walipomkuta maji yamefika sebuleni. Wakaita polisi, nao wakamuuliza nani kakutuma. Akasema, "Nimeitwa. Wameniambia inavuja."

Tuna mtoto mmoja, binti. Anafanya kazi ya kupima watu macho kwenye duka la miwani, mji mwingine, mwendo wa saa sita. Alikuja siku ya pili, akamwangalia baba yake muda mrefu, kisha akaniita chumbani na kufunga mlango.

"Mama, kuna mahali kule kwangu nimeshaongea nao. Ni nyumba ya kutunza wazee wenye hali kama ya baba. Pasafi, kuna wauguzi. Nitakuwa namwona kila wiki."

"Baba yako ana nyumba."

"Mama, angekutana na mtu mkorofi je? Angepigwa je?"

Neno hilo la kupigwa lilinipandisha. Nikasema nani ampige Fundi, mji mzima unakunywa maji ya mkono wake. Nikasema mengi. Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikujua pa kuishia. Nikamwambia mtu aliyepotewa na akili hawezi kulima. "Njoo baada ya miezi mitatu uone nyanya za baba yako. Ukikuta zimezaa, habari hizi nisizisikie tena ndani ya nyumba yangu. Ukikuta hazikuzaa, mchukue."

Binti yangu ni mtulivu, katoka kwa baba yake. Akaniuliza, "Ni wewe umesema, mama?"

"Ni mimi nimesema."

Mdomo uliponza kichwa, na wangu haukuanza siku hiyo. Kabla ya kuondoka akaniachia miwani, kanipimia mwenyewe kwa nguvu safari iliyopita. Nikaitia kwenye droo chini ya vitambaa. Nilikuwa nimemwambia naona vizuri. Uongo mtupu. Naona nyuso, naona milango. Uzi kwenye tundu la sindano ni hadithi ya zamani. Lakini mmoja wetu alitakiwa awe mzima, na nisingekubali kuanza kuvaa ushahidi usoni.

Tukapanda. Nyanya ndoo kumi na nne zote, hapakuwa na nafasi ya mchicha. Na niwaambie, mikono ya Fundi ilikuwa haijaugua. Kichwa kinauliza leo siku gani mara tano, lakini vidole vinaweka mbegu kwenye kina chake, vinabana udongo kiasi chake. Mimea ikatoka. Wiki ya sita ilikuwa imenifika kiunoni, ina maua. Kila asubuhi alivuta kigoda chake akakaa kati ya ndoo, na mimi nikienda sokoni nilikwenda na roho nyeupe. Niliwaza, binti yangu, utakuja kuniomba radhi.

Wiki ya saba majani ya chini yakawa manjano. Nikasema ni uzee wa majani. Wiki ya nane mimea ikaanza kunyong'onyea, vichwa vimelala, kama imekosa maji siku kumi. Nikashika chupa kubwa nikaenda kwenye kipande cha bomba cha kila ndoo, nikamimina. Nikasikiliza. Kimya. Nikamimina tena. Kimya. Nikasema maskini, kumbe zina kiu kiasi hiki. Nikamimina maji ya akiba, maji ya kufulia, maji ambayo yalitakiwa kutufikisha siku ya bomba. Sikusikia tone. Asubuhi nyingine zimelala zaidi, na mimi na chupa yangu tena.

Ua likaanza kunuka. Harufu ya kitu kilichooza chini ya kitu. Sasa akili yangu, badala ya kwenda kwenye ndoo, ikapanda ukuta. Ng'ambo ya ukuta anakaa fundi cherehani, mjane nusu kama mimi, maana mumewe naye yuko lakini hayupo. Anafua vitambaa vya wateja wake kwa dawa kali. Nikaamua ni yeye. Anamwaga maji ya dawa, yanapenya chini ya ukuta, yanaua nyanya zangu. Nikaenda mlangoni kwake, mbele ya wateja wawili wenye vitambaa mkononi, nikamwambia ana roho ya korosho na wivu umemjaa mpaka kwenye ndoo ya kufulia.

Hakunijibu kwa hasira. Aliacha mguu kwenye cherehani, akasema, "Jirani, nimekaa hapa miaka kumi na sita. Kama una msiba ndani, sema msiba. Usiniletee nyanya." Nikaondoka na kichwa juu.

Nikataka ushahidi. Nilisema nitamwonyesha povu lake kwenye mfereji, kila mtu alione. Nikafungua droo, nikavaa miwani ya binti yangu, nikaenda uani, nikapiga magoti kwenye nafasi ile nyembamba kati ya ndoo na ukuta. Fundi alikuwa ndani amelala usingizi wake wa mchana.

Povu halikuwepo. Mfereji ulikuwa mkavu, una vumbi. Nikainua macho kwenye ndoo ya kwanza, nikatafuta pua, sikuiona. Nikapapasa. Palikuwa na kizibo. Katani imesokotwa vizuri, imezungushiwa tepe nyeupe ya mafundi bomba, imepigwa ndani kwa mpini wa bisibisi, ikakatwa ikawa sawasawa na ubavu wa ndoo na kupakwa grisi juu. Ndoo ya pili, kizibo. Ya tatu. Nilitambaa mpaka ya kumi na nne. Vyote vimefanana. Hakuna hata kimoja kilicholegea.

Ngoja niseme ukweli, cha kwanza nilichosikia moyoni ni fahari. Kwamba mume wangu bado anaweza kazi safi namna hii. Kisha nikaelewa. Mtu yule hajawahi maishani kuona tone likianguka akaliacha lianguke. Amekaa kwenye kigoda chake, amesikia maji yanadondoka ukutani, hakumbuki tena pua ni nini wala nani kaitoboa. Anajua kitu kimoja tu, kwamba panavuja. Akafanya kazi yake. Na mimi, kipofu kwa kiburi changu, nimekuja nyuma yake na chupa kila siku, nasikiliza tone ambalo amelizima, namimina, namimina. Nyanya zote tulizizamisha sisi wawili, yeye anaziba, mimi najaza.

Nikazing'oa vizibo kwa koleo. Maji meusi yakatoka kwa muda mrefu. Ndoo kumi na moja mizizi ilikuwa uji. Tatu zilikuwa na mizizi myeupe kidogo kwa juu, nikasema hizi labda. Siku zilikuwa zimebaki tisa.

Asubuhi yake nikatoka jikoni nikamkuta amechuchumaa kwenye moja ya hizo tatu, goti bovu limenyooshwa pembeni, anasokota katani.

"Fundi, acha."

Akaendelea.

"Fundi, hiyo ni pua. Wewe ndiye uliyesema isizibwe. Ulinirudisha darasani kwa ajili ya pua hiyo."

"Inavuja," akasema bila kugeuka, akapeleka kizibo kwenye tundu.

Nikampiga. Nisiseme nilimsukuma mkono, hapana. Nilimpiga mkononi kwa nguvu zangu, mara mbili, bisibisi ikamponyoka na kulia kwenye saruji. Mkono wangu ukanyanyuka mara ya tatu, na haukushushwa na huruma, ulishushwa na uso wake. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu usiyemfahamu aliyekuvunjia heshima. Akasimama taratibu, ameshika ukuta.

"Mama mwenye nyumba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, "kama kazi hukuipenda, sema, nitairudia. Lakini mimi ni fundi. Sipigwi."

Akakusanya vifaa vyake. Akavifuta kimoja kimoja, akavitia mkobani, akachukua kigoda akakiweka karibu na mlango wa uani. Akakaa na mkoba mapajani.

Baadaye nikamuuliza, "Sasa unangoja nini?"

"Nangoja nipumzike goti. Kisha nirudi nyumbani."

"Nyumbani kuna nani?"

"Kuna mke wangu."

Sijui kwa nini niliendelea. Labda ni udaku wangu, labda nilitaka kuadhibiwa. Nikamuuliza, "Yukoje mkeo?"

Akatabasamu, mara ya kwanza siku nyingi. "Ana maneno. Namwita Redio, hazimiki. Akiamka anaongea, akilala anaongea. Lakini hajawahi kuninyooshea mkono hata siku moja."

Nikaingia jikoni nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mtungi wa gesi. Nililia nikiwa nimeuma kanga, ili mteja wa mume wangu, yaani mimi, asisikike mpaka nje.

Nilikwenda kwa fundi cherehani siku hiyo hiyo. Nilimwambia yote isipokuwa kumpiga. Alinivutia kiti, akasema yaliyopita si ndwele. Kisha akasema, "Nilikuwa namwona kutokea dirisha la juu. Kila siku amechuchumaa ukutani. Nilijua anapalilia. Siku moja nikamsalimia, akaniambia yuko kazini."

"Binti anakuja baada ya siku nane," nikamwambia.

"Mwambie ukweli, jirani. Mficha maradhi mauti humuumbua."

"Naomba uzi wa kijani."

Alijua ninachotaka kufanya, mimi naye tuna umri mmoja. Akafungua kopo lake la nyuzi, akajaribu rangi moja na nyingine mwangani, akanipa kibunda kilichofanana na shina la nyanya usingeweza kukitofautisha. Akaniongezea na sindano nene.

Ndoo zilizokufa nilizisukuma kwenye kona nikazifunika turubai. Zile tatu zilikuwa hai kwa shida, majani machache juu, tunda hata moja hakuna. Asubuhi ya siku ya tisa nikaenda sokoni nikachagua nyanya ishirini na mbili, zisizolingana, nyingine bado mbichi upande mmoja, zote zina vikonyo. Nikavaa miwani, nikazifunga moja moja kwenye mashina kwa uzi ule. Niliyaficha mafundo chini ya majani. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama, na wallahi hata mimi mwenyewe ningedanganyika. Nilikuwa nimevaa miwani mbili siku hiyo, ya binti yangu na ile ya mbao.

Alifika saa saba. "Shikamoo mama." Marahaba. "Shikamoo baba." Fundi akamwitikia vizuri, akamuuliza safari, na mimi nikashukuru. Nikampeleka uani kabla hajatua mkoba.

"Ndoo nyingine tumeshavuna," nikasema. "Hizi ndizo za mwisho."

Binti yangu hakugusa kitu. Alisimama mbele ya nyanya zile nyekundu, mtu wa kutazama macho ya watu siku nzima, na macho yake mwenyewe yakajaa. "Mama," akasema, "mimi nilikuwa nimeshasaini makaratasi. Nilikuwa nimekuja kumchukua tu. Nisamehe." Akavua miwani yake akaifuta kwa upindo wa blauzi.

Nilikuwa nimeshinda. Mume wangu anabaki.

Fundi akatupita katikati. Akainama kwenye ndoo ya kwanza, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akikagua kazi ya mafundi wengine. Akatazama. Akainua jani kwa kidole kimoja.

"Nani kafanya hii?"

"Fundi, njoo ule," nikasema.

Hakunisikia. Akashika fundo la kwanza kwa kucha mbili, uzi ule ambao mimi bila miwani siuoni, akaufungua mara moja. Nyanya ikabaki kiganjani mwake. Akamgeukia binti yetu akampa.

"Mama, hii imefungwa tu, haijaunganishwa. Ukiitazama kwa mbali unasema ni nzima. Fundi aliyekufanyia hivi kakudanganya." Akafikiri kidogo. "Usimlaumu sana, labda alikuwa na haraka."

Akaendelea. Zote ishirini na mbili alizifungua, akazipanga mstari mmoja kwenye saruji kwa ukubwa wake, na nyuzi akazikunja akazitia mfukoni, maana fundi haachi takataka kwenye nyumba ya mtu. Hakuna aliyemzuia. Binti yangu alikuwa ameshika nyanya moja tu, anaitazama.

Nilikuwa na la kusema. Msidhani nilikosa. Nilikuwa na maneno ya kujaza ua mzima: kwamba ni mvua, ni wadudu, kwamba mwezi mmoja tu aniongeze, kwamba nyanya si kipimo cha mtu. Na binti yangu angenisikiliza, niliona usoni mwake. Alikuwa ananingoja nianze. Lakini nilikuwa natazama mkono wa Fundi, ule wa kulia, unavyopanga nyanya. Haukuwa na alama. Ngozi yake ni ngumu, haishiki alama.

"Mchukue," nikasema.

"Mama, si kwa sababu ya nyanya. Nisikilize, tunaweza tukaangalia—"

"Si nyanya. Nilimpiga. Nilimpiga mara mbili, mwanangu, na ya tatu niliitaka. Uliniuliza akikutana na mtu mkorofi itakuwaje. Basi amekutana naye."

Aliniwekea mkono begani. Tukala, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva. Fundi alisifu mchuzi. Alisema mama mwenye nyumba anajua kupika.

Waliondoka asubuhi yake. Gari lilikuwa linangoja nje, begi la nguo limeshatiwa ndani, na tulipogeuka Fundi hayupo. Tulimkuta uani, amechuchumaa nyuma ya ndoo iliyo karibu na mlango wa jikoni, moja ya zile tatu. Niliijaza alfajiri kwa mazoea tu, na pua ilikuwa inadondoka. Anasokota katani. Binti yangu akatangulia, "Baba, tutachelewa," nikamshika mkono.

"Mwache amalize."

Alichukua robo saa. Tepe, mpini wa bisibisi, kisu, grisi kwa ncha ya kidole. Alipitisha kidole gumba chini ya kizibo, akakitazama, kikavu. Akaridhika. Akafuta vifaa, akakunja tambara, akafunga mkoba. Alikuwa ameambiwa anakwenda nyumbani, na alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda nyumbani. Mlangoni akasimama akanigeukia.

"Basi mama, mimi nakwenda," akasema. "Ikivuja, niite."

Ndoo nyingine zote nimempa fundi cherehani. Kapanda pilipili, zinaendelea vizuri, pua ziko wazi, nazisikia zikidondoka ng'ambo ya ukuta. Hiyo moja nimeikatalia. Mmea wake ulikufa wiki ile ile, nikautupa, nikatoa na ndoo ya juu. Imebaki ya chini na maji yake. Jirani ananiambia niyamwage, yanazaa mbu. Binti yangu akipiga simu ananiambia hivyo hivyo.

Siyamwagi. Naongeza. Nimeshaijaza mpaka mdomoni, maji yote yale yanasukuma kizibo kimoja cha katani. Kila asubuhi navaa miwani, napiga magoti kwenye nafasi ile nyembamba, napitisha kidole chini ya pua. Huu ni mwezi wa tano. Haijavuja.